Moduli Iliyoitika Bila Kuja

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Mkaguzi alimwuliza fundi wa kompyuta swali lilelile, na kwa mara ya tatu fundi akalijibu akiitazama printa badala ya kumtazama yeye.

"Nilizipima, mama. Zote tatu. Zote zilihifadhi. Hazina kosa."

"Sijakuuliza kama zina kosa. Nimekuuliza ulizipimaje."

Fundi alijikuna kisogo. Hospitali nzima ilimwita Waya, kwa wembamba wake na kwa vipande vya waya ambavyo havikukosekana mfukoni mwake. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na ndevu zake zilikuwa hazijaguswa tangu wiki iliyopita.

Walikaa kwenye chumba cha nje cha famasi, penye kompyuta tatu zilizopangwa kando ya ukuta. Nyuma ya kioo kikubwa, watu wawili waliovaa barakoa na glavu walikuwa wakichanganya dripu za watoto njiti. Kila mfuko ulibandikwa lebo, na kila lebo ilitolewa kwenye fomula ya mtoto iliyomo kwenye kompyuta. Kwa sababu hiyo fomula zilitunzwa ndani ya programu isiyosahau kitu. Ukibadilisha namba moja, programu inaandika jina lako, saa, ulichoondoa na ulichoweka, na mtu akitaka anaweza kurudi nyuma miaka mitano akaona nani alifanya nini. Iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python na watu wa mbali ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Waya aliiongezea tu dirisha lenye vitufe ili wafamasia wasihangaike. Zamani ilikuwa inachelewa kufunguka, basi wakaiita Kobe, na jina likaganda hata ilipopata kasi.

Siku kumi na moja zilizopita, Kobe alisahau.

Mfamasia mmoja alikuwa amepunguza potasiamu kwenye fomula ya mtoto wa siku tisa. Kesho yake mfuko ukachanganywa kwa kipimo cha zamani, na kabla ya adhuhuri moyo wa mtoto ukaanza kwenda mrama. Wauguzi waliwahi. Mtoto alikuwa hai, lakini mpaka leo alikuwa akipumua kwa mashine, na mama yake hakubanduka kwenye kiti cha wodini. Ndani ya historia ya Kobe, badiliko la mfamasia halikuwemo. Palibaki stakabadhi tu ya lile dirisha la Waya: jina, saa, fomula, na kwamba alibonyeza kitufe. Mkuu wa famasi akamwita mbele ya wenzake wote, akamwambia alibonyeza bila kuandika kitu na sasa anasema uongo. Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo. Ripoti ya Waya ya mstari mmoja, "Kompyuta hazina hitilafu," ndiyo iliyommaliza.

Mkaguzi alitumwa na bodi inayochunguza ajali za hospitalini. Hakuwa mtu wa kompyuta. Alifanya kazi maabara miaka kumi na minane kabla ya kuingia kwenye ukaguzi. Ila jambo moja lilimkera tangu siku ya kwanza. Mfamasia aliyesemwa kuwa hakuandika kitu alikuwa na jina la utani pale kazini. Walimwita Bi Mara Mbili, kwa sababu hata mlango wa choo aliufunga, akarudi kuujaribu.

"Haya," alisema Mkaguzi. "Ulikaa kwenye kompyuta. Halafu?"

"Nikabadilisha fomula ya majaribio. Nikahifadhi. Nikaangalia historia, ikawemo."

"Hukugusa kitu kingine chochote?"

Waya alisita. "Niliongeza mstari kidogo tu ndani ya programu. Kila moduli ikiletwa, iniandikie jina lake na toleo lake. Baada ya kupima nikaufuta."

"Moduli ni nini?"

"Kipande cha programu. Kobe hafanyi kila kitu mwenyewe, anaazima vipande. Kimoja cha kusoma tarehe, kingine cha kufunga faili, hivyo."

"Na alichokuandikia kiko wapi?"

Waya alivuta droo, akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. Mkaguzi alizinyoosha mezani, akaanza kuzisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayehakiki orodha ya waliofaulu mtihani. Kwenye mstari wa thelathini na moja kidole kikasimama. Akarudi karatasi ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi ya tatu.

"Kompyuta ya kwanza imeandika 'kufuli jipya, toleo la nne'. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu imeandika 'kufuli la zamani, toleo la kwanza'. Kwa nini?"

Waya aliinama juu ya karatasi.

"Hili sikuliona," alisema taratibu.

"Uliangalia nini?"

"Kama imehifadhi. Ilihifadhi, mama. Nikaona yatosha."

"Kufuli linafanya nini?"

"Linafunga faili wakati mtu anaandika, mwingine asiingie katikati. Kuna jipya na kuna la zamani. Programu inajaribu kuleta jipya. Likikosekana, inachukua la zamani na kazi inaendelea. Hii ya tatu niliiwekea programu upya wiki sita zilizopita baada ya kuharibika. Labda... labda jipya sikuliweka."

"Kwa hiyo hiyo ya tatu ina la zamani na inafanya kazi?"

"Ndivyo karatasi inavyosema."

"Siku ile Bi Mara Mbili alikaa wapi?"

Hakuhitaji kujibu. Wote wawili waligeuka kuitazama kompyuta ya tatu, ile ya dirishani, ambayo watu waliitumia zaidi kusomea na kuchapia lebo. Kuhifadhi walihifadhia zile nyingine, isipokuwa zikiwa na watu.

"Kaa hapo," alisema Mkaguzi. "Badilisha fomula ya majaribio, uhifadhi. Usiongeze mstari. Usifanye ujanja wowote."

Waya aliandika, akabonyeza. Neno la kijani likajitokeza: Imepokelewa.

"Fungua historia."

Akafungua. Badiliko halikuwemo.

Alibonyeza tena. Imepokelewa. Historia tupu. Mara ya tatu hivyohivyo. Bila kuambiwa, akafungua programu yenyewe, akarudisha ule mstari wake wa kupimia, akahifadhi. Badiliko likaingia. Akaufuta mstari, akahifadhi. Halikuingia.

"Ukilitazama linafanya kazi," alisema Mkaguzi. "Ukigeuka linaacha."

"Mungu wangu," alisema Waya.

"Mungu mwache kwanza. Nieleze mimi, kama unavyomweleza mama yako."

Waya alisukuma kiti nyuma.

"Watu walilalamika Kobe anachelewa. Sekunde nane mpaka afunguke. Mkuu mwenyewe aliandika barua. Nikatafuta, nikakuta sababu: anapoamka analeta moduli zote kwa mpigo, hata zile ambazo hatazihitaji siku nzima. Basi nikawasha kitu kinaitwa upakiaji wa kivivu. Programu ikisema 'leta moduli fulani', haiendi kuileta. Inapewa kivuli chake tu. Siku moduli itakapoguswa kweli ndipo inakwenda kuchukuliwa. Kobe akafunguka kwa sekunde moja. Walinipigia makofi."

"Na ikiguswa, ikakutwa haipo?"

"Hapo ndipo penye shida. Waandishi wa mwanzo waliweka ulinzi. Walisema: jaribu kuleta kufuli jipya, ukishindwa chukua la zamani. Lakini kwa uvivu niliowasha, kujaribu hakushindwi kamwe. Ni kama mwalimu anaita majina asubuhi. Anaita jina, sauti inaitika 'nipo', anaweka alama, anafunga daftari. Kumbe mwenyewe hajaja. Baadaye anaambiwa aje ubaoni, hayupo, na saa ya kuita majina imepita. La zamani halikuletwa, jipya halipo. Programu inaanguka katikati ya kuhifadhi. Na ikianguka, inafuta kila kilichoandikwa nusu. Imefundishwa hivyo, isiache uchafu."

"Na mstari wako wa kupimia?"

"Uliuliza toleo la kufuli palepale, wakati wa kuita majina. Kuuliza ni kugusa. Ikajulikana halipo, ulinzi ukafanya kazi yake, la zamani likaja. Nimeipima programu kwa kitu ambacho kilikuwa kinaiponya." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Halafu nikaandika haina hitilafu."

Mkaguzi alikuwa akiandika. Hakuinua kichwa.

"Ikianguka haipigi kelele?"

"Inatoa maandishi mekundu mengi. Dirisha langu linayatupa. Linasema 'Imepokelewa' mara tu linapomkabidhi Kobe kazi, halingoji jibu. Watu walikuwa wanatishika na yale maandishi, mama. Walikuwa wananipigia simu hata Jumapili."

"Walitishika," alisema Mkaguzi. "Haya. Unarekebishaje?"

"Kuna orodha ya moduli zisizocheleweshwa. Naliandika kufuli humo, linaletwa palepale, likikosekana inajulikana palepale."

"Ulinzi wa namna hiyo, wa kujaribu hiki au kile, uko sehemu ngapi ndani ya programu?"

Waya alitafuta. "Kumi na nne."

"Basi leo zima uvivu wote. Kompyuta zote. Warudi kwenye sekunde zao nane. Hizo kumi na nne utazikagua moja moja kabla ya kuwasha tena, na utanionyesha kila moja. Na hilo neno la kijani lisionekane mpaka Kobe mwenyewe aseme amemaliza."

Alisimama, akaenda kwenye kioo, akagonga kwa kitako cha kalamu. Wale wawili wa ndani waliinua vichwa. Mkaguzi aliwaonyesha kiganja: simameni. Mmoja akaweka bomba la sindano kwenye trei, akainua mikono yenye glavu hewani.

"Sasa nataka stakabadhi zote za kompyuta ya tatu," alisema, "tangu siku ulipoiwekea programu upya. Kila mtu aliyebonyeza akaambiwa imepokelewa."

Ukiondoa za majaribio ya Waya, zilikuwa sita. Waya alizichapa, wakakaa wakilinganisha na historia, stakabadhi moja baada ya nyingine. Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu, maana kila stakabadhi isiyo na mwenzake kwenye historia ingeweza kuwa mtoto mwingine aliyelala ghorofa ya juu, mwenye mfuko mbaya mkononi. Hakuna hata moja kati ya sita iliyoingia. Lakini tano zilikuwa zimerudiwa: mtu yuleyule, fomula ileile, siku moja baadaye, kwenye kompyuta ya kwanza au ya pili. Ya sita ilikuwa ya Bi Mara Mbili.

Mchanganyaji mmoja alifungua kidirisha cha kupitishia dawa, akashusha barakoa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye alama ya barakoa shavuni.

"Mama, hiyo ya pili kutoka juu ni yangu. Ile ya glukosi."

"Uliirudia kesho yake. Kwa nini?"

"Nilichapa lebo nikaona namba ya zamani. Nikasema, ee, nimezeeka, nimesahau kuhifadhi. Nikaandika tena."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nasahau dawa za watoto?" Aliangalia sakafu. "Wangenitoa humu ndani siku hiyohiyo."

Mkaguzi aliirudia orodha. Watu watano, na kila mmoja alijishuku mwenyewe, akanyamaza, akasahihisha kimyakimya. Ya kwanza kabisa, ya wiki tano zilizopita, ilikuwa na jina alilolisoma mara mbili. Alikunja karatasi, akaitia kwenye jalada.

"Wape ruhusa waendelee ukishazima," alimwambia Waya. "Lebo zote za leo zisomwe upya na watu wawili."

*

Ofisi ya Mkuu wa famasi ilikuwa mwisho wa korido. Alikuwa mzee mrefu, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mezani kwake kila kitu kilikuwa na kikaratasi cha njano: simu, kalenda, hata bilauri ya maji. Vikaratasi vilikuwa na maandishi madogo. *Saa tano, kikao. Vidonge baada ya chakula. Funguo zipo droo ya kushoto.*

"Karibu, Bi Mkaguzi. Mmemaliza?"

"Karibu tumalize." Aliketi. "Fundi amepata hitilafu. Badiliko la mfamasia wako liliandikwa, likafutwa na programu yenyewe. Hakudanganya."

Mkuu alivua miwani. "Una hakika?"

"Nimeiona ikifuta kwa macho yangu. Mara nne."

"Basi tumshukuru Mungu. Nitaandika barua arudishwe."

"Bado kuna swali moja." Mkaguzi alinyoosha orodha mezani, akaigeuza imwelekee yeye. "Stakabadhi ya kwanza ya kompyuta ya tatu. Jina la nani hilo?"

Mzee alivaa miwani tena. Alisoma, akaendelea kusoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa mstari wenyewe.

"Langu."

"Ulipandisha kipimo cha chumvi kwenye fomula moja. Badiliko halikuingia. Kesho yake, saa moja na dakika tano asubuhi, kabla wengine hawajafika kazini, ukaliandika tena kwenye kompyuta ya kwanza."

"Inawezekana."

"Mkuu, usinizungushe. Ulijua badiliko linaweza kupotea. Ulijua wiki tatu na nusu kabla yake."

Nje mtu alipita akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu. Mkuu alingoja mlio upotee.

"Sikujua linaweza kupotea," alisema. "Nilijua nimelipoteza mimi. Baba yangu alianza hivihivi. Kwanza funguo, halafu njia ya nyumbani, mwisho akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa na umri huu nilio nao. Mke wangu ameshaanza kunitazama nikiingia jikoni nikasimama." Aligusa kikaratasi kwenye simu, akakinyoosha pembe. "Asubuhi ile niliona lebo ina namba ya zamani. Nikaandika upya, nikafunga mdomo. Nani angeniacha na famasi?"

"Na lilipotokea kwake?"

"Nikaona naye amesahau. Kwamba kusahau kwangu kuliwahiwa, kwake kumemfikia mtoto."

"Hukumwambia amesahau. Ulimwambia ni mwongo. Mbele ya watu kumi na watatu."

"Aliapa aliandika." Sauti ya mzee ilishuka. "Aliapa vile, kwa uhakika ule, kila nilipomsikiliza nikawa najiona mimi. Mimi nami ningeapa. Kama yeye alikuwa mkweli, ingebidi niseme langu. Nikataka anyamaze."

Mkaguzi aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akayasoma kwa sauti, akamwuliza kama ndivyo alivyosema. Mkuu akatikisa kichwa kukubali, akatia sahihi pembeni. Mkono wake ulikuwa imara.

"Kwa hiyo mimi si mgonjwa," alisema ghafla, kama mtu aliyeamshwa.

"Hilo ni la daktari. Nijuavyo mimi, badiliko lile hukulisahau wewe. Kobe alilifuta."

Mzee alifunika uso kwa viganja. Alipovishusha macho yalikuwa mekundu, na hapakuwa na furaha ndani yake.

"Nitampigia mwenyewe," alisema.

"Mpigie sasa hivi, nikiwa hapa."

Aliinua simu, akabonyeza namba bila kuitazama popote. Iliita mara tano. Mkaguzi alisikia sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyezoea siku hizi kupokea habari mbaya.

"Shikamoo, Mkuu."

Mzee alivua miwani.

"Leo usiniamkie, binti yangu," alisema. "Siistahili."

Mwanamke akauliza, haraka: "Mtoto?"

"Yupo. Bado yuko kwenye mashine, lakini asubuhi wamempunguzia hewa kidogo na ameimudu. Sikiliza. Uliandika. Wameona. Mashine ndiyo iliyofuta."

Kwa mbali, upande wa pili, sauti nyingine ya kike ikauliza, "Dada, kuna nini?"

"Siku kumi na moja," alisema Bi Mara Mbili. "Nimeshaanza kuamini niliota. Jana nimemwuliza mdogo wangu kama kweli nilikwenda kazini siku ile."

"Kuna lingine." Mkuu alishika ukingo wa meza. "Mimi lilinipata kabla yako. Badiliko langu lilipotea vilevile. Nikanyamaza."

"Lini?"

"Wiki tatu na nusu kabla."

Mkaguzi alitazama kalamu yake. Simuni mwanamke alikuwa sasa anapumua kwa nguvu, kama aliyepanda ngazi.

"Kwa hiyo uliponisimamisha pale katikati ya chumba," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa na la kusema, sikulisema."

"Ungelisema siku ile ya kwanza, fundi angeitwa. Yule mtoto asingepewa mfuko ule."

"Ndiyo."

Alitamka neno hilo bila kujitetea, na Mkaguzi aliliandika nalo.

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kazini," alisema Bi Mara Mbili. "Uwaite wote waliokuwepo siku ile. Usimame palepale uliposimama, uwaambie ulivyoniambia mimi sasa hivi, na hilo la kwako ndani yake. Halafu tutapanda wote wawili wodini, umwambie mama wa mtoto."

"Nitawaita."

"Wote."

"Wote," alisema Mkuu.

"Basi nisomee majina yao," alisema mwanamke, "nijue hujamwacha hata mmoja."

Mzee alivuta orodha ya zamu ya siku ile kutoka kwenye jalada la Mkaguzi, akavaa miwani vizuri, akaanza kumsomea majina kumi na matatu, moja baada ya jingine. Akafika la mwisho.

"Sasa soma tena," sauti ikasema.

Akasoma tena.